Mama Yangu Alivyosoma Gredi Wani Mara Tatu kwa Mpigo

Mama yangu hajawahi kuingia darasani maisha yake yote, lakini kuna mwaka alikuwa gredi wani mara tatu. Shule moja, darasa moja, mwalimu mmoja. Na mara zote tatu alikuwa na kamasi.

Wacha nieleze, kwa sababu mtu wa mbali atasema huyu jamaa ameonja kitu. Huku kwetu Kabazi, msichana wako wa kwanza anapewa jina ya mama yako. Hakuna kuchagua. Hakuna mambo ya watu wa Milimani, ya kukaa kwa sofa na bibi yako mkitafuta kwa simu jina ya maua ya Ulaya. Mtoto akilia tu mara ya kwanza, jina yake ilishafika kitambo. Imevaa leso, imekaa nje kwa kiti, inauliza chai iko wapi.

Na si jina peke yake. Huyo mtoto ndio mama yako. Mimi wangu namwita mami. Akishikwa na homa, mama anaambia watu kanisani, "Hii wiki nimekuwa mgonjwa sana, nimetapika usiku mzima," na yeye ni mzima kama jiwe, ametoka kupanda viazi. Mtoto akivunja kikombe huwezi kumgusa. Utampigaje mama yako? Unaokota vipande, unamwambia pole.

Sasa sisi tumezaliwa ndugu watatu wanaume, na dada mmoja ako Naivasha. Mkubwa wetu ako na posho mill pale kwa kona, anasagia watu mahindi. Mdogo wetu ni kinyozi. Mimi niko katikati na punda, tunabeba kabichi za watu mpaka sokoni Subukia. Punda ndiye anajua barabara, mimi naenda kumsindikiza. Mama alikuwa analalamika kila siku ati hakuna mtu anataka kumzaa. Tukachoka. Tukaoa sisi wote karibu msimu mmoja, kama watu wametumwa dukani wakaambiwa wasichelewe. Na mvua ndefu iliyofuata, kila mtu akapata msichana.

Mtu mwenye akili angesema tugawane. Mmoja achukue ile jina ya ubatizo ya mama, mwingine achukue ile ya nyumbani, na wa tatu avumilie. Lakini kila ndugu alitaka yeye ndio awe amezaa mama mzima, si robo. Basi kila mtoto akapewa zote mbili. Na ya tatu tukaweka ya baba yetu, kwa sababu sisi ni watu tunaheshimu wazazi. Majina tatu kwa kila mtoto, zote sawa kabisa, kama matofali. Hiyo jina yenyewe sitaitaja hapa. Nikiitaja wataitika wote watatu, mama akiwa wa nne, na mimi nina kazi.

Siku ya kwenda shule wakaenda pamoja. Na juu kinyozi ni wa nyumbani, wote watatu walikuwa wamenyolewa na mashini moja, vichwa viking'aa kama mayai kwa trei. Sweta ya kijani, kila mtu. Uso ni wa mama, masikio ni ya mama, hata ile kukunja sura kama mtu amepewa chai haina sukari ni ya mama. Ukiwaona wamesimama kwa laini unadhani macho yako ndio yameharibika.

Mwalimu wao alikuwa msichana mgeni, mtoto wa Waislamu wa Nakuru taun, wale babu zao walitoka pwani. Kiswahili yake ilikuwa safi, mpaka ukimsikia unataka kwanza unawe mikono. Asubuhi hiyo akafungua rejista, akaita jina. Watatu wakaitika. Akasema hataki mzaha, akaongeza jina ya pili. Watatu wakaitika. Akaita na ya tatu, polepole, kama mtu anafungua mlango na anajua kuna mbwa. Watatu wakaitika, na sasa walikuwa wameanza kufurahia.

Tukaitwa sisi wazazi.

"Wazee wangu," madam akasema, "mlikuwa mnafikiria nini?"

"Tulikuwa tunafikiria mama," mkubwa wetu akamjibu. Alitoa kofia kwa heshima, unga ikamwagikia viatu vya madam.

"Nyote watatu?"

"Sasa madam, mama si ni mmoja?" kinyozi akasema. "Tungefikiria mama ya nani?"

Madam akatuangalia vile mtu anaangalia gari ya wenyewe imekwama kwa matope.

Akajaribu kuwapa namba. Mkubwa wetu akasema ni wazi wake ndio wani, yeye ndiye kifungua mimba. Kinyozi akasema wake ndiye alizaliwa mbele, alishinda wa posho mill na asubuhi nzima. Wakaanza kushikana mashati hapo mbele ya picha za alfabeti, watoto wakipiga makofi. Namba zikaisha hivyo.

Akajaribu nyuzi za rangi kwa sweta, nyekundu, bluu na njano. Watoto wakabadilishana sweta kabla uji ipoe. Aliyefanya makosa alikuwa anakunywa uji kivulini, na aliyesimamishwa kwa pembe hata hakujua amefanya nini, lakini alisimama vizuri sana. Akajaribu kuwakalisha mbali mbali, mmoja dirishani, mmoja mlangoni, mmoja karibu na meza yake. Ilikuwa kama kupanga mbuzi. Anageuka kuandika ubaoni, akirudi wamehama. Nasikia alianza kuongea peke yake kwa njia.

Kumbe wakati huo wote watoto wa darasa walikuwa wamemaliza hiyo kazi ya kuwatofautisha siku ya kwanza, wakikula. Wa posho mill walimwita Unga. Wa kinyozi wakamwita Wembe. Mimi niliposikia hivyo nilikaa chini. Kama wanafuata kazi ya baba, basi mama yangu anaenda kuitwa Punda.

Lakini Mungu ni mkubwa, meno ya mbele ya mtoto yalikuwa yameanguka yote hiyo wiki. Wakamwita Mapengo. Madam aliwauliza mmoja mmoja kama wanakubali hayo majina. Wangu alikubali na mdomo wote, hiyo kidogo ilikuwa imebaki.

Na hapo mambo ikanyooka. Madam akiita Unga, anakuja Unga. Akaanza sasa kufundisha, na wangu akashika kusoma kama moto kwa nyasi. Mimi na bibi yangu kusoma hatujui. Gunia ya fatalaiza, mbolea ya dukani, ilikuwa imesimama kwa hiyo nyumba miaka, tunaipita tu. Jioni moja mtoto akasimama mbele yake, akaweka kidole, akasoma kwa sauti: "We-ka mba-li na wa-to-to." Halafu akarudi nyuma hatua mbili mwenyewe. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Nilimleta punda pale mlangoni asikilize. Huyo mtoto alimpenda madam kuliko sisi, na sikuona makosa yake, sisi tulikuwa tumemfundisha nini?

Sasa kuna kitu sijasema juu ya mama. Meno ya mama yalihama moja moja bila kuaga, na yale yamebaki yanakaa mbali mbali kama majirani wamekosana. Akicheka, anavuta leso anafunika mdomo. Kwetu hilo neno meno halitajwi akiwa karibu. Tukitaka kula mahindi ya kuchoma tunaenda nyuma ya nyumba, watu wazima, kama wezi.

Basi Jumapili moja tumetoka kanisani, katoto ka jirani kakapita kakipiga kelele, "Shosho wa Mapengo, habari yako!"

Shosho ndio nyanya, na huyo ni mama. Akasimama. "Mapengo ni nani?"

Wangu akatabasamu hapo hapo, ukaona mpaka koo. "Ni mimi, shosho. Madam ndio ananiita hivyo."

Mama alitembea mbele yetu mpaka nyumbani. Chai ikaletwa, ikapoa.

"Kwa hivyo," akaniambia, "mimi nimeficha mdomo miaka hii yote, ndio kasichana ka juzi katoke taun kaniite Mapengo. Mbele ya darasa. Kila asubuhi. Na mimi naitika!"

"Mama, si anaita mtoto tu."

"Na mtoto ni nani?"

Mimi nikachukua ile chai baridi, nikanywa.

"Kesho namtoa. Ataenda Kihoto kwa dada yako, atasoma huko."

Kihoto! Iko Naivasha huko, pale ziwa ikishiba inakuja kusalimia watu mpaka jikoni. Dada yangu hupanga sufuria juu ya kabati kama vikombe vya kushinda mpira. Nikakimbilia ndugu zangu wanisaidie. "Huyo ni mama," wakasema, wakirudi nyuma. Wao shida yao nini? Unga ni chakula, Wembe ni kazi ya heshima, hakuna mtu ametukanwa kwao.

Mtoto naye alikuwa amesikia yote. Nilimpata nyuma ya lile gunia, anasoma "weka mbali na watoto" tena na tena, anasoma na kulia, na kusoma bado anasoma vizuri.

Kesho yake mama alivaa nguo ya kanisa, akachukua mwavuli na hakukuwa na wingu. Mimi nikafuata na punda, ndio kama kuna kubeba vitabu, tubebe. Madam akatoka nje ya darasa kutupokea.

"Shikamoo nyanya."

Mama alikuwa amekuja na maneno yake yamepangwa tangu usiku. Hiyo shikamoo ilimpata vibaya, marahaba yote ikampotea. "Mzuri," akasema. Halafu akakumbuka amekasirika. "Wewe ndio unaniita Mapengo?"

"Mimi? Nyanya, leo ndiyo siku yangu ya kwanza kukuona."

"Unaniona kila siku! Niko hapo ndani, nimekaa kwa dawati yako!"

Madam akaniangalia. Mimi nikaangalia punda. Lakini mtu lazima angesema, kwa hivyo nikamweleza: huku kwetu ukiita mtoto umeita shosho, ni mtu mmoja, tofauti ni viatu tu.

Madam akashika mdomo. "Kwa hivyo wote watatu ni..."

"Ni mimi," mama akasema. "Na nimekuja kujichukua."

"Nyanya, nisamehe. Wallahi sikujua."

"Mtoto ako na jina. Nilimpatia mimi. Angalia vile anaitwa." Mama akageukia darasa, akaita jina yake yote kwa ile sauti ya kuita mbuzi ng'ambo ya mlima.

Wakatoka wote watatu mbio. Wakasimama kwa laini. Vichwa viking'aa, sweta za kijani, na midomo imefungwa kabisa. Wangu alifunga kwa sababu Kihoto hataki. Hao wengine wawili hakuna mtu aliwaambia, ni damu tu. Na naapa, mimi baba yake ningepiga kura ndio nijue wangu ni yupi.

"Nataka wa huyu," mama akasema, akininyooshea mwavuli. "Ni nani wa huyu?" Wote watatu wakatingisha kichwa, kumaanisha mimi sina mtoto. Mama akainama, akashika kidevu cha wa kwanza, akaangalia. Akaangalia wa pili. Akaangalia wa tatu. Akarudi kwa wa kwanza. Huyu mama amejisifu maisha yake yote kwamba mtu hawezi kukosa kujijua.

"Nyinyi, mmekatwa ulimi?"

Wakatingisha kichwa. Darasa nzima sasa iko dirishani, pua zimeshikana na kioo.

Mama akapiga chini na mwavuli. "Wewe Mapengo! Fungua mdomo hapo!"

Hata punda aliacha kutafuna.

Madam aligeuka akaangalia paa, mabega yakicheza. Wa katikati akajaribu kuvumilia, akavimba mashavu, lakini kicheko ikapita pale mbele ikapiga filimbi, fyuuu, na ndio huyo, nje, mapengo yote. Mama akaangalia hiyo mdomo kitambo.

"Kwani ni mbaya, shosho?" mtoto akamuuliza. "Madam aliniuliza kama ni mbaya. Nikamwambia hata wewe uko nazo, na wewe ndio mrembo kwetu."

Mama akatafuta leso afunike mdomo, lakini kicheko ilishatoka bila ruhusa. Alicheka mpaka akashika punda asianguke. Nikaona meno ya mama, zile zote zimebaki, mchana, mbele ya watu. Madam naye sasa alicheka waziwazi, anapangusa macho.

"Rudi darasani," mama akamwambia mtoto. "Na usome. Kihoto kuna maji."

Wakageuka wote watatu kurudi. Wangu akasimama mlangoni.

"Shosho, lakini hizi zangu zitaota. Zikiota, madam ataniita nani?"

Hakuna mtu alikuwa amefikiria hiyo. Madam akafunga macho, kama mtu ameona namba, nyuzi na madawati yakirudi yote. Halafu akafungua, akaniangalia mimi, akaangalia mkono wangu, akaanza kufuata kamba nimeshika, polepole, kuelekea kwa mnyama.

Nikavuta punda tukaondoka mbio.