Chungu Kisichovunjwa

Kikohozi cha Qu Dehou kilipokoma, nyumba ilibaki kama imeng'olewa saa ya ukutani. Kwa kikohozi kile mkewe, Cong Yuzhi, alijua kumekucha, alijua maji ya moto yanatakiwa, alijua upepo umegeuka na sasa unatoka baharini. Asubuhi ya kwanza ya ukimya alichemsha maji, akamimina vikombe viwili, akakaa kwenye kitanda cha matofali chenye moto chini yake. Alikunywa kimoja. Kingine alikimwaga uani, na maji yakaanza kuganda kabla hajaufikia mlango.

Kijijini wanamwita Mama Zhenbo, kwa jina la mwanawe wa pekee. Watu wa Heishi Ao, pale kwenye ncha ya jimbo la Shandong, wamelima mwani tangu zamani, na Yuzhi alianza kufunga miche kwenye kamba kabla hajaweza kusuka nywele zake mwenyewe. Maji ya baridi yamemkunja vidole, havinyooki tena hata usingizini. Dehou alikuwa na kipande chake cha bahari, safu za maboya zilizokwenda hadi karibu na mlima wa kaskazini, na walipooana alimpeleka huko kwa mashua ndogo akamwonyesha, kama mwanamume mwingine anavyomwonyesha mke shamba.

Kisha zikaja manowari. Kwanza ulikuja uzio, halafu milipuko iliyotikisa vyombo kabatini, mlima ukichimbwa tumboni. Halafu gati. Halafu meli za kijivu, chache mwanzoni, na kila majira ya kuchipua nyingine mpya, ndefu kuliko zile, mpaka watoto wakaacha kukimbilia ufukweni kuzitazama. Ghuba ilifungwa. Maboya yalikokotwa mchangani yakalala huko kama mafuvu. Dehou alipata kazi katika karakana ya meli mji wa jirani, kazi ya kupuliza mchanga kwenye mabamba ya chuma ili kutu itoke kabla ya rangi. Mchanga ule ulimwingia mapafuni ukakaa.

Hakulalamika, na hilo ndilo lililomuudhi mkewe.

"Babu wa babu yangu alisimama hapa hapa," alipenda kusema, "akaziona meli za Wajapani zikishusha askari kwenye theluji, kama watu wanaoshuka kwao. Hakuna aliyewauliza mnataka nini. Leo wangeulizwa."

"Na wewe nani atakuuliza, na kikohozi hicho?"

"Mimi nimeshajibiwa. Chungulia dirishani."

Zhenbo alipochaguliwa kwenda kwenye nyambizi, Dehou alizunguka kijiji kizima akigawa sigara ambazo yeye mwenyewe hakuweza tena kuvuta. Kibao chekundu cha heshima kwa familia ya askari kilipigiliwa mlangoni. Siku ya kuondoka Yuzhi alitengeneza jiaozi, vifurushi vya unga vyenye nyama na kabichi, kwa sababu kwao anayeondoka hulishwa jiaozi na anayerudi hulishwa tambi. Zhenbo alikula amesimama, begi begani, akiungua ulimi na kucheka.

"Mama, umejaza kama unanipeleka mwezini."

"Mwezini ningekuona," alisema Yuzhi.

Tangu hapo alimpikia tambi mara mbili tu. Katikati ya hizo mara mbili kulikuwa na simu iliyozimwa, miezi kwa miezi. Hakujua yuko bahari gani. Aliona kwenye televisheni ramani zenye mishale, wanaume waliovaa tai wakibishana kuhusu kisiwa cha ng'ambo na milango ya bahari inayoelekea kusini, na kila mshale aliutazama akijiuliza kama mtoto wake yumo ndani yake.

Dehou alipozidiwa, alikuja Afisa Luan, mtu wa kuhudumia familia za wanamaji, mpole, na mfuko wa unga na dumu la mafuta ya karanga kama ilivyo ada ya mgeni wa aina yake. Alikaa ukingoni mwa kitanda akazungumza kwa sauti ndogo.

"Mama, habari mbaya hazishuki chini ya maji. Huo ndio utaratibu. Mtu mmoja akitetereka kule, wote wanatetereka."

"Na akipanda juu?"

"Akijua akiwa bandarini, daktari wao hatamruhusu kushuka tena. Atabaki nchi kavu mpaka moyo utulie. Huenda asirudi kabisa. Kazi yote hiyo itakuwa imepotea." Kisha akajaribu kumfariji. "Zamani tulikuwa na boti za kulinda ufukwe tu. Sasa mkubwa yeyote wa dunia akitaka kusogeza meli zake huku, lazima ajiulize kwanza kuna nini chini. Mwanao ndiye hilo swali."

Dadake Dehou, Qu Xiulian, alikuwa kwenye kona akimenya vitunguu saumu. "Mama Zhenbo alizaa mtoto," alisema bila kuinua macho. "Hatukumsikia akizaa swali."

Dehou alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi kirefu. Kilipotulia alimshika mkewe mkono. "Usimwambie," alisema. "Hata nikifa. Niahidi." Yuzhi aliahidi, kwa sababu huwezi kumkatalia mtu anayezama. Lakini katika maneno yote ya Afisa Luan alikuwa amebaki na matatu tu: atabaki nchi kavu.

Dehou alikufa kabla ya theluji ya kwanza kuyeyuka.

Kwao, baba anapotolewa nyumbani, mtoto wa kiume hubeba kwa mikono miwili chungu cha udongo ambamo zimechomwa karatasi za kumsindikiza marehemu, akakiinua juu ya kichwa na kukivunja chini. Chungu kikivunjika, maiti anaondoka. Kisipovunjika, wazee husema, yuko njiani anageuka geuka. Akikosekana mtoto, mpwa hukivunja, na tangu siku hiyo mpwa huhesabiwa kuwa mtoto.

"Mwanangu yuko tayari," alisema Xiulian, uani, mbele ya watu. "Kamba ya msiba amefunga kiunoni. Tusimgandishe kaka yangu."

"Hapana, wifi."

"Hapana nini?"

"Dehou ana mtoto. Atakivunja mwenyewe."

"Lini? Samaki wakimpa ruhusa?"

Watu waliinamisha nyuso, wengine kuficha kicheko. Yuzhi alikichukua kile chungu, majivu yangali ya moto, akakikumbatia kifuani akarudi nacho ndani. Waliompeleka Dehou kuchomwa walikwenda bila sauti ya kitu kuvunjika, na kila aliyekuwapo aliuhisi upungufu ule kama ngazi iliyokosekana gizani. Hata karatasi nyekundu za mwaka mpya Yuzhi hakuzibandua mlangoni kuweka nyeupe za msiba. Aliogopa mwanawe atatokea ghafla akasoma mlango kabla ya kuonana na mama. Kijiji kikaanza kusema kwamba mjane yule amerukwa na akili, anaishi na maiti chini ya meza. Chungu kilikuwa chini ya meza kweli, chini ya picha ya Dehou, na asubuhi akifagia alipitisha ufagio kando yake kwa uangalifu, kama mtu anayepita karibu na aliyelala.

Alijifunza sentensi moja. Aliisema akifunga miche bandani, aliisema akiosha mchele. Zhenbo, baba yako amefariki. Maneno manne, na mtoto wake angepanda juu asishuke tena. Angemchukia, ndiyo. Angepoteza yote ambayo baba yake aliyapulizia mchanga. Lakini angekuwa na miguu juu ya ardhi, na vita ikija, ile vita ya mishale ya televisheni, isingemkuta ndani ya chuma kisicho na dirisha. Ahadi aliyompa marehemu aliipima na hilo akaiona nyepesi. Alikwisha kuamua.

Simu ililia saa sita mchana kasoro dakika chache, Xiulian akiwa amekuja kuazima chujio.

"Mama. Ni mimi. Nina dakika chache."

Sauti ilikuwa kavu, ya mtu aliyesahau kuongea kwa nguvu. Yuzhi alikaa chini papo hapo, sakafuni.

"Uko wapi?"

"Unajua siwezi kusema, mama."

Ndipo king'ora cha mchana cha kituo cha wanamaji kilipolia nyuma ya mlima wa kaskazini, kama kinavyolia kila siku, kikaingia kwa dirisha sikio lake la kushoto. Kikaingia pia kwa simu, sikio la kulia. King'ora kile kile. Yuzhi aliziba mdomo. Mtoto hakuwa baharini. Alikuwa nyuma ya mlima, umbali wa kuchemsha sufuria ya maharage.

Xiulian naye alikuwa amesikia. Aliweka chujio chini akamsogelea, akamwambia kwa midomo tu, bila sauti: mwambie.

"Zhenbo," alisema Yuzhi.

"Naam."

"Zhenbo, baba yako..."

"Ehe, yuko wapi? Mbona simsikii akikohoa?"

Hakuuliza kama askari. Aliuliza kama zamani, alipokuwa mdogo na akiamka kwenye giza anaita kwanza jina la baba, ndipo la mama. Na Yuzhi, ambaye sentensi yake ilikuwa tayari ulimini, aligeuza uso, akaisogeza simu mbali kidogo, akakohoa. Alikohoa kutoka chini kabisa ya kifua, kikohozi kirefu chenye mkwaruzo mwishoni, halafu kile kifupi kinachofuata, kama kubisha hodi. Alikijua kila kipande chake. Alilala kando yake miaka yote ile.

"Huyo," alisema Zhenbo, na pumzi yake ikashuka. "Mwambie apunguze kukaa dirishani. Mwambie tumekwenda mbali, mbali sana, hata yeye hawezi kukisia. Atafurahi."

"Atafurahi," alisema Yuzhi.

"Naitwa, mama. Jiaozi zako nitaziota."

Simu ilikatika. Xiulian alisimama akimtazama kama mtu aliyemwona mwenzake akitupa mtoto kisimani.

"Ulikuwa naye mkononi, Mama Zhenbo. Mkononi. Wewe mwanamke umeumbwa na nini?"

Yuzhi aliinuka akakanda unga. Wifi yake alimtazama kidogo, kisha akavuta kisu akaanza kukatakata kabichi, kwa hasira, vipande vikiruka. Walitengeneza jiaozi kwa pamoja, wakazichemsha, wakazifunga kwenye bakuli la bati na blanketi juu. Yuzhi alipanda njia ya mlima peke yake, bakuli kifuani mahali pale pale alipokikumbatia chungu.

Langoni kijana wa lindo alimsimamisha kwa heshima. Masikio yake yalikuwa mekundu kwa baridi.

"Shangazi, huku hakupitwi."

"Nina chakula cha mwanangu. Qu Zhenbo. Yuko hapo ndani, anaondoka."

"Hapa hakuna mtu wa jina hilo."

"Nimesikia king'ora kwenye simu."

Kijana alitazama viatu vyake. "Hapa hakuna chombo chochote kinachoondoka, shangazi. Rudi, utaugua."

Bado kulikuwa na nafasi. Neno moja kwa kijana yule, lingepanda kwa simu ya lindo, lingefika kwa daktari, wangembakisha nchi kavu. Yuzhi alifungua mdomo. Aliona mvuke wa pumzi yake mwenyewe ukitoka mtupu.

"Mwambie azile zikiwa za moto," alisema.

"Siwezi kupokea, shangazi. Nisamehe."

Alikaa juu ya jiwe karibu na uzio mpaka bakuli likapoa. Kutoka pale aliiona ghuba, mahali zilipokuwa safu za Dehou, maji yamenyooka bila boya hata moja. Kitu cheusi, chembamba, kilitoka nyuma ya gati kikielekea nje, na watu wadogo wamesimama mgongoni mwake. Hakuweza kuona nyuso. Alijaribu kuwaza yupi, akachagua mmoja, akamfuata huyo kwa macho, mpaka wakaingia ndani wote na mgongo ule ukashuka polepole na bahari ikafunga. Hapo akaisema ile sentensi. Aliisema yote, kwa sauti, maneno manne. Kijana wa lindo aliisikia. Aligeuka upande wa pili, mabega yamemkakamaa, na hakuna kitu duniani alichoweza kufanya nayo.

Jiaozi alizirudisha nyumbani. Wifi yake alizikaanga, wakala pamoja.

Cong Yuzhi angali anafunga miche ya mwani bandani Heishi Ao, kwa kamba za watu wengine. Karatasi nyekundu ziko mlangoni, zimefifia. Chungu kiko chini ya meza, hakijavunjwa. Qu Zhenbo yuko chini ya maji, na mama yake hajui ya bahari gani.