Fundi Aliyewakataza Watu Kromu

Mtaani walimwita Kioo, maana chuma kikitoka mikononi mwake ungeweza kunyoa ndevu ukijitazama ndani yake. Kwa miaka ishirini na sita alipaka vyuma kromu, madini ya kuving'arisha, katika karakana yenye madirisha mawili, moja limekwama tangu alipohamia. Mvuke wa tangi la kromu ulimkereketa puani hadi akauzoea, na baadaye akaacha kuusikia kabisa.

Mkewe, fundi cherehani, ndiye aliyeshtuka kwanza. Siku moja alisahau pasi juu ya shati la mteja, na shati likaanza kuungua hatua mbili tu kutoka alipokaa mumewe.

"Husikii harufu?" alimuuliza.

"Harufu ya nini?"

Daktari alimmulika puani kwa tochi. Ukuta wa kati wa pua ulikuwa umetoboka.

"Hii ni kromu, mzee. Leo imekula pua. Mapafu hayatachelewa."

Kioo alikuwa na miaka hamsini na nane na hakujua kazi nyingine. Akaamua atabaki na nikeli tu, madini mengine ya kung'arishia vyuma. Nayo si maji ya kunywa, lakini haikuwa na mvuke ule. Kioo akaanza kumbembeleza kila aliyeleta chuma aachane na kromu. Watu walimsikiliza kwa adabu, kisha wakavuka barabara kwenda kwa fundi mwingine.

Miezi ikapita hivyo, mpaka alipokuja mwalimu mstaafu na vyuma vya pikipiki ya marehemu baba yake, amevifunga kwenye shuka: usukani, rimu mbili, pete ya taa ya mbele. Alitaka kromu.

"Mwalimu, pikipiki hii ni ya zamani sana," Kioo alimwambia. "Enzi zake kiwandani walitia nikeli. Ukiitia kromu itakuwa kama babu aliyevaa meno ya bandia."

Mwalimu akacheka. Kioo akamwekea vijiko viwili dirishani. Cha kromu kiling'aa kwa weupe wa baridi, wenye ubuluu kwa mbali. Cha nikeli kilikuwa na joto fulani, kama maziwa yaliyotiwa tone la asali.

"Ila nikeli inataka kusuguliwa kila wiki," akaongeza. "Ukiiacha, inafifia."

"Nitasugua. Nitie nikeli."

Kwa wiki tatu Kioo alifanya kazi hiyo akipiga mluzi. Alimwambia mkewe kwamba akipata watu kumi kama mwalimu, mambo yatanyooka.

Hakupata hata mmoja. Mvua zilipokwisha, mwalimu akarudi na shuka lile lile. Nikeli ilikuwa imefubaa, ikawa ya manjano na madoadoa.

"Mkwe wangu kaniuliza kama nimeviokota jalalani."

"Nilikuambia usugue, mwalimu."

"Uliniambia, sikatai." Mwalimu akanyoosha mikono. Vidole vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi, havikunjuki. "Niliona aibu kukwambia kwamba siwezi. Nitie kromu, fundi. Kama huwezi, sema tu, niende pale ng'ambo."

Kioo alivitazama vidole vile. Mwezi mzima hakuwa na chuma kingine mezani.

"Njoo Ijumaa," akasema.

Mkewe alipoambiwa, akasimamisha cherehani.

"Si ulisema basi?"

"Nilisema."

Mkewe hakugombana naye. Alimshonea barakoa ya kitambaa, mikunjo minne, na wote wawili walijua mvuke ule hauzuiwi na kitambaa. Asubuhi Kioo akaivaa, akafungua dirisha lile moja lisilokwama, akawasha mashine.

Kazi ilitoka vizuri. Mwalimu akazunguka na pikipiki yake kila mahali, na kila aliyemuuliza alielekezwa kwa Kioo. Binti yao, muuguzi wa mji mwingine, alipopiga simu kuulizia hali, baba yake alimjibu kwamba anafanya nikeli tu. Mkewe alikuwa amekaa karibu, akaendelea kupinda pindo la sketi.

Kufikia mwisho wa mwezi, vyuma vya kutia kromu vilikuwa vimepangwa hadi mlangoni. Wa nikeli hakuja mtu.