Nilipandisha Bei ya Mikoba kwa Harufu

Niliambiwa kwamba mzungu hununua mkoba wa ngozi kwa pua. Kwamba mkoba ukinuka kidogo atalipa kidogo, ukinuka sana atalipa sana, na ukinuka mpaka mbwa wakufuate barabarani, taja bei ya ng'ombe mzima na atatoa huku akisema asante. Na mimi, mtu mzima mwenye ndevu na cheti cha ngumbaro, nikaamini! Nimekosa, jamani. Nimekosa mpaka najinukia mwenyewe.

Aliyeniambia ni rafiki yangu Mwadime, anayeosha magari ya watalii hapa Voi yakitoka mbugani.

"Bro, hao kwao wamejaza vitu vya plastiki," akasema. "Harufu ndiyo risiti yao. Bila harufu watajuaje ni mnyama kweli?"

Usinicheke bado. Wiki hiyo hiyo mzungu mmoja alikuwa amesimama kwenye kibanda changu, akachukua mkoba, akaufungua, akaingiza pua ndani mpaka nikadhani itabidi tumvute miguu. Akavuta pumzi. Akatabasamu. Akalipa bila kubishana! Mtu wa Voi asiyebishana bei hajazaliwa, kwa hivyo nikajua hapa kuna siri.

Kabla ya hapo nilikuwa napanga bei kama mtu mwenye akili zake. Najumlisha ngozi ya mbuzi, chumvi, magome, uzi na vishikizo, naongeza siku nilizoinamia sindano, halafu kitu kidogo cha kurudi nacho nyumbani. Hesabu hiyo nilifundishwa na Mwalimu wetu wa ngumbaro, yale masomo ya jioni ya watu wazima. Mzee huyo alinipokea sijui hata kuandika jina langu, akaniacha nikiwa nabishana na magazeti.

Nikaitupa hesabu yake. Nikaanza kupanga bei kwa pua!

Ngozi inatakiwa ikwanguliwe nyama na mafuta yote, kisha ilale kwenye maji ya magome mpaka iive. Mimi nikawa naikwangua juu juu na kuitoa mapema. Kwa nini nitoe harufu ambayo ndiyo nauza? Lo! Upande wa ndani ulikuwa unateleza kama samaki wa juzi. Nzi wote wa Voi walihamia kwangu, na wengine nadhani walipanda gari kutoka Maungu. Nilikuwa nakula chapati kwa mkono huo huo wa kukwangulia.

Watalii wakawa wanafika karibu, wanakunja uso, wanaondoka mbio. Mtu mwingine angeshtuka. Mimi nikasema bei bado iko chini, ndiyo maana hawaniamini. Nikaipandisha mara tatu!

Basi Mwalimu akastaafu, akawa anarudi kwao Ronge. Sisi wanafunzi wake tukakubaliana tumpe mkoba wa ngozi. Mama Wakesho, anayeuza nyanya sokoni na ambaye tulikaa naye dawati moja, akaja na mchango wa darasa zima.

"Tufanyie bei ya darasa, ndugu yangu."

"Mama Wakesho, huu ni mkoba wa kiwango cha watalii. Bei ni moja."

Akausogelea, akarudi nyuma. "Mbona unanuka hivi?"

"Huo ndio ubora."

"Ubora gani huu unaita nzi?"

"Wewe unajua nyanya. Mimi najua ngozi."

Akaenda kuomba watu waongeze mchango, watu wanaouza mboga kwa fungu na kubeba maji kwa mkokoteni. Wakaongeza. Na mimi nikazipokea pesa hizo, tena nikazihesabu mbele yake nikiramba kidole. Kidole hicho! Ptu!

Siku ya kumuaga, ukumbi wa kanisa ulijaa. Mama mmoja wa meza ya mbele aliisukuma sahani ya pilau. Kijana mmoja akainama chini ya benchi kutafuta panya aliyekufa. Mwalimu alipokea mkoba kwa mikono miwili, akauvaa begani, akasema hajawahi kupewa kitu cha heshima kama hiki. Nani alipiga makofi kuliko wote? Mimi.

Baada ya wiki kadhaa Mama Wakesho akasimama mbele ya kibanda changu. Hakunisalimia.

"Natoka Ronge. Nenda ukaone ulichomfanyia Mwalimu."

Nikaenda. Mkoba ulikuwa umetundikwa kwenye mparachichi, mbali na nyumba, na kitu cheupe kilikuwa kinatembea kwenye mshono. Nilikisogelea. Kilikuwa funza. Nikatapikia miguu yangu.

Kwenye kamba ya nguo kulikuwa na leso moja tu, peke yake.

Mwalimu akatoka, akaniletea maji ninawe. Hakupandisha sauti. Akaniambia hiyo ni leso ya marehemu mkewe. Tangu afariki, alikuwa ameikunja bila kuifua, na jioni nyingine huifungua tu akaishika. Tulipompa mkoba, akaona ndio mahali pa heshima pa kuiweka.

"Nimeifua tena na tena," akasema. "Harufu ya mkoba wako imetoka. Na ya mke wangu imetoka."

Sikuwa na pa kuweka uso. Ningekuwa na uwezo wa kuingia ndani ya mkoba ule nikafunga kishikizo, ningeingia.

Nimewarudishia wenzangu pesa. Mama Wakesho alizipokea, na mpaka leo hanipi hata nyanya ya kuonja. Sokoni wananiita Mzoga. Nageuka nikiitwa, kwa sababu ndilo jina nililojichongea. Lakini pesa zinarudishwa. Kile kilichotoka kwenye ile leso nitakirudisha na nini?

Fundi mwenzangu, uwe wa vikapu, wa shanga au wa viatu, bei yako usiipange kwa umbea! Ukiona mteja anakunja uso, acha kumfundisha ubora. Kinuse kitu chako kwanza.

Siku hiyo kwa Mwalimu nilijitetea, nikamsimulia habari ya Mwadime na ya yule mzungu aliyeingiza pua kwenye mkoba wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho kama alivyokuwa akisikiliza darasani mtu akikosea hesabu ubaoni.

"Yule mgeni alikuwa anahakikisha haujaoza, mwanangu," akasema. "Haukuwa umeoza. Ndiyo maana alinunua."