Shingo ya Kulwa

Nilipokuwa mtoto kwenye kambi ya vibarua kule Ganako, watu wazima walikuwa wanajipanga mlangoni kwetu kabla jua halijachomoza, shingo zimepinda, wananingoja mimi, kitoto cha darasa la pili, nije niwatibu. Sikuwa mganga. Nilikuwa pacha tu.

Wazazi wetu walitoka Singida kuja kuchuma kahawa, na kwetu sisi dawa ya shingo iliyokaza ilikuwa pacha. Mgonjwa anakaa kizingitini akitazama mashariki, hajasalimiana na mtu, pacha anamviringishia mchi wa kinu shingoni taratibu, basi, anaenda zake. Kulwa, dada yangu, alikuwa anaona kinyaa jasho la watu, kwa hiyo kazi ikawa yangu mimi Doto. Na nilikuwa najidai, si mchezo! Nyapara mwenyewe, aliyeogopwa kambi nzima, aliniinamia. Kulwa akawa ananitania, "Daktari wa mchi huyooo!"

Na walikuwa wanapona. Hilo ndilo lililotufumba macho. Aliyebeba gunia vibaya, aliyelala amekunja shingo, aliyepigwa na ule ubaridi unaoshuka kutoka msitu wa Kreta, kule mlimani juu ya mashamba, wote baada ya siku mbili tatu walikuwa wanageuka huku na huku kama kawaida.

Kiangazi kimoja, vumbi limetanda, Kulwa aliamka analia kichwa. Jioni shingo ikakaza. Mama wala hakushtuka. Alicheka kidogo akasema, "Hii nayo! Si tabibu tunaye humu humu ndani?"

Alfajiri Baba akambeba hadi kizingitini. Kukaa hakuweza. Mwili ulikuwa unachemka, na kaliposogezwa kakoroboi kutoka ndani, alifumba macho kana kwamba kanamchoma. Nilipomgusa na mchi alipiga yowe ambalo sijawahi kulisikia tena. Nikaacha.

"Endelea, Doto," Mama akasema.

"Mama, anaumia."

"Wote huwa wanaumia. Endelea, mwanangu."

Nikaendelea, naiomba ile shingo moyoni ilegee. Ilikuwa ngumu kama mti. Baba akasema labda pacha hamtibu pacha mwenzake. Mama akasema hapana, jua limetuwahi, turudie kesho. Tukarudia. Safari hii Kulwa hakupiga yowe, alikoroma tu kidogo, nami nikadhani hiyo ndiyo nafuu. Jamani!

Asubuhi ile jirani yetu Mama Bura, mama wa Kiiraqw, alikuja kuomba moto. Alipomwona Kulwa alitupa kijinga chake chini.

"Mama Kulwa, shingo ya mzigo haina homa! Mpelekeni hospitali. Sasa hivi!"

Mama akanitazama mimi. Si Baba, mimi, kama vile nilikuwa na neno la kusema.

Tulipanda trekta ya shamba. Na mimi nilipakiwa kwa sababu Kulwa alikuwa ameng'ang'ania gauni langu. Hospitalini daktari alijaribu kumwinamisha kichwa. Shingo ikagoma, magoti yakajikunja yenyewe. Akamwambia Baba kwamba hiyo ni homa ya uti wa mgongo. Wakamchoma sindano, wakamtundikia maji, wakatutoa nje. Nilisimama kando ya ukuta na mikono yangu, sijui niipeleke wapi. Kulwa alifariki jioni hiyo.

Tulikuwa tumetoka tu kuanua matanga alipokuja kijana mmoja kutoka Dodoma, mgeni kambini, shingo imepinda. Habari zetu alikuwa hazijui. Alikuwa ameambiwa tu kwamba kuna pacha. Nilidhani Mama atamfukuza. Aliingia ndani akaniletea mchi.

"Mfanyie, mwanangu. Mtu anaumwa."

Nikamfanyia. Machozi yalikuwa yananidondoka, yanamlowesha mgongo, naye akadhani ni sehemu ya dawa, akatulia tuli. Keshokutwa yake alipita anapiga mluzi, anageuza kichwa kusalimia watu kila upande. Nilimchukia yule mtoto wa watu, na hakuwa amenikosea lolote.

Wazazi wangu siwalaumu. Kila aliyepona kizingitini kwetu alikuwa amewathibitishia kwamba wanajua. Leo, nikiwa mtu mzima, ningeweza kumwambia yule kijana kwamba alilala vibaya tu au alibeba mzigo kwa pupa, na kwamba angepona hata angebaki kwake. Lakini sikuwa mtu mzima siku ile. Nilikuwa mtoto aliyesimama mlangoni akitazama mgongo wa mtu unavyokwenda zake, na nilichokijua ni kimoja tu: mikono yangu imemponya mtu baki, na kwa Kulwa imeshindwa.