Mafuta Kwenye Nobu ya Tatu

Mimi ni mtu wa kinyaa, na sioni haya kusema. Kikombe ulichonywea wewe sikigusi. Mtu akipenga kamasi karibu yangu, chakula kinanishinda siku nzima. Kwenye chumba changu cha kurekodia pale Nyasubi, Kahama, nilibandika karatasi mlangoni: MASHINE HAIGUSWI. Mashine yenyewe ni sanduku lenye nobu nane za kuzungusha kwa vidole, limeunganishwa na kinanda cha umeme. Wenzangu wanatengeneza muziki kwa kubofyabofya kipanya kama makarani. Khaa! Mimi besi naifungua kwa mkono, taratibu, huku naisikia inavyopanda. Kazi ikinoga siinuki kitini. Hata chipsi mayai naletewa hapo hapo.

Manju mmoja wa Ushetu alinifuata nikampigie mashine uwanjani, mzee anayeimba na kuongoza kundi lake la ngoma. Magoti yalikuwa yamemchoka, na mashindano ya mwaka ule yangekuwa ya mwisho kwake. Kwetu mashindano ya ngoma hayana majaji. Makundi mawili yanacheza saa ile ile, uwanja ule ule, na watu wanakwenda wanakovutwa. Anayebaki na watu ndiye mshindi. Hasimu wake alikuwa akimwachia uwanja mtupu miaka nenda miaka rudi.

"Mara moja tu, mwanangu," akaniambia. "Nikiwaona wamejaa upande wangu, basi, nakaa chini."

Akaomba aishike mashine. Kwanza akatoka nje, akanawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko. Nikacheka moyoni, nikasema huu nao ushamba.

Siku yenyewe, jua la saa nane, wachezaji wakapanga mstari kupakwa dawa ya mvuto. Ilikuwa samli ya siku nyingi iliyochanganywa na mizizi iliyounguzwa, nyeusi tii, imetiwa kwenye pembe ya ng'ombe. Harufu yake, jamani! Mzee akaisogeza kwenye vidole vyangu.

"Mzee, uchafu huo usinisogelee."

Wachezaji wakageuka kunitazama. Yeye akacheka kidogo, akaifunga pembe yake. "Haya, baba. Mkono wako mwenyewe unatosha."

Nikaenda kunywa maji. Niliporudi nikamkuta ameiinamia mashine, anaifunika kwa kitenge. "Vumbi," akasema. Nikamtazama kwa jicho baya.

Tukaanza. Akaimba, ngoma zikamjibu, nami nikaishika nobu ya tatu, ile ya besi, nikaizungusha kidogo kidogo. Haki ya Mungu, watu waligeuka! Walikuja makundi kwa makundi, akina mama na watoto mgongoni, wazee na fimbo zao, mpaka upande wa hasimu ukabaki na watu wa kuhesabika. Mzee akaniangalia, machozi yanamlengalenga. Akainua mkono: fungua yote.

Nikazungusha. Nobu ikanata. Nikailazimisha, ikaruka hadi mwisho, na spika zikapiga ukelele wa nguruwe anayechinjwa. Watoto wakaangua kilio, watu wakaziba masikio. Nikaigusa tena, kidole kikatoka na utelezi.

"Umeipaka dawa yako, mzee mchafu wewe!"

Niliyasema hayo kwenye maikrofoni yake. Nikang'oa waya zote, nikabeba mashine yangu. Ptuu! Nikatema mate mbele ya miguu yake. Nyuma yangu nilimsikia akiendelea kuimba kwa koo tupu, na watu wakicheka huku wanahamia upande wa pili.

Nyumbani nikazichomoa nobu moja moja nisafishe ile laana. Chini ya nobu ya tatu kulikuwa na mafuta, ndiyo, mafuta ya njano. Yalikuwa yameganda pamoja na tomato iliyokauka, kitunguu, kipande cha chipsi chenye ukungu na mguu wa mende. Samli nyeusi sikuiona hata chembe. Nikanusa. Kilikuwa chakula changu mwenyewe cha miezi na miezi, kutoka vidole hivi hivi. Nikachomoa zote nane, zote ni hivyo hivyo. Nikakimbia uani nikatapika, na hata sasa nikikumbuka sijui kilichonitapisha ni yale mafuta au ni mimi.

Wiki iliyofuata nikaenda Ushetu. Nilimkuta zizini, anakamua ng'ombe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Nikamweleza yote, hata mguu wa mende sikuuficha. Nikanyoosha mkono wangu kumwomba radhi. Akautazama wa kwake, akaufuta kwenye shati, kiganja na mgongo wa mkono, akaufuta tena vizuri, ndipo akanipa.