Ng'ombe wa Kitambaa Aliyefungua Josho

Nianze kwa kukiri ujinga wangu kabla majirani hawajaniwahi. Kwenye mkutano mkuu wa kijiji chetu hapa Gitting, nilisimama mbele ya wazee nikiwa nimevaa soksi mkononi. Nilikuwa nimeishonea macho ya vifungo, nikaivika kofia ya sufu ya bluu sawasawa na ile ya mwenyekiti wa kijiji, nikaikohoza kama anavyokohoa yeye. Kisha nikaiuliza kwa sauti: "Ufunguo wa josho uko wapi?"

Josho letu la kuogeshea ng'ombe lilikuwa limepigwa kufuli tangu Krismasi. Kila tulipouliza, mwenyekiti alijibu kwamba suala linashughulikiwa. Wakati huo kupe hawakusubiri kushughulikiwa. Jirani yangu Mama Boay alishazika ndama wawili kwa ndigana, homa inayoletwa na kupe, na mtamba wangu mmoja niliye naye alikuwa anakonda huku masikio yamejaa kupe kama hereni. Ndiyo maana niliona soksi ingesaidia.

Vijana walicheka mpaka wakakaa chini. Mwenyekiti akasimama, akasema mkutano umeahirishwa, akaondoka. Josho likabaki na kufuli lake. Mzee mmoja wa safu ya mbele aliniuliza jambo moja tu: "Huyo mdoli wako hajui shikamoo?"

Siku tatu nzima watoto walinisalimia kwa kukohoa. Siku ya nne akaja Mama Boay.

"Baba Neema, umetuharibia. Dada yangu alipolazwa hospitali ya Haydom aliwaona akina mama wanaosema na watu kwa midoli, na watu wanasikiliza. Nenda kajifunze, au hiyo soksi ifunike mguu kama wenzake."

Mimi ni mtu ambaye hata Katesh naenda nikiwa nimeaga kama anayehamia ng'ambo. Mke wangu aliponiona nafunga begi alidhani tumegombana, akakaa kitako kukumbuka kosa lake.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda bodaboda na kiroba cha viazi cha kuwapelekea wenyeji wangu. Saa mbili nilikuwa Katesh, nikinywa chai kwenye mgahawa wa familia moja ya wafanyabiashara karibu na stendi. Mlima Hanang nimezoea kuuona upande wetu. Kutoka Katesh niliuona mgeni, kama ndugu uliyemzoea amekaa, leo amesimama.

Saa nne basi la Haydom liliondoka. Karibu kila abiria alikuwa na mgonjwa au ndiye mgonjwa: thermosi za uji, mablanketi, kuku mmoja wa shukrani. Bibi aliyekaa nami alinitazama kwa huruma.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Unaumwa nini?"

"Siumwi, bibi. Nakwenda kujifunza midoli."

Tukayapita mashamba mawili ya ngano. Kisha akanigusa goti. "Usijali. Hata wa kichwa huwa wanapona."

Basotu tulisimama kidogo, watu wakanunua samaki wa ziwani. Kule ni tambarare, jicho halina pa kugota. Mimi mtu wa mteremko nilijisikia kama nimetoka nje bila shati.

Saa tisa alasiri, Haydom. Niliulizia, nikaelekezwa kwenye banda karibu na soko, mahali ndugu wa wagonjwa wanapopikia. Mama Agnesi, kiongozi wa kikundi, ni fundi cherehani, mfupi, mwenye sindano kifuani kama nishani. Alipokea viazi, akaomba aione soksi. Niliitoa. Aliigeuza na kuigeuza.

"Hii ilisema nini?"

Nikamweleza yote, pamoja na kofia na kikohozi.

"Shemeji," alisema, maana alishaamua mimi ni shemeji yake, "wewe ulimpeleka mwenyekiti mkutanoni mara mbili. Mmoja kakaa kwenye kiti, mwingine mkononi mwako, na wote wawili mmewacheka. Ulitaka akujibu na mdomo upi?"

Nikachukua kisu. Nilimenya viazi.

Jioni, jua likiwa bado lipo, walicheza. Mdoli wa kwanza alikuwa mama mkwe. Aliwasalimia wazee wote waliokuwepo, shikamoo moja moja, hakumruka hata mmoja. Kisha akajilaumu mwenyewe: mkamwana wake alishikwa na uchungu, yeye akasema wasubiri kukuche. Hakumnyooshea mtu kidole. Alipomaliza, Mama Agnesi alimvua mkononi, akampa mwanamume mmoja aliyekuwa amekaa pembeni kwenye gogo. Wenzake waliniambia ana siku tatu hapo, na zaidi ya salamu hajasema kitu.

Mwanamume yule aliingiza mkono. Mdoli akainua kichwa polepole, akasema: "Mimi nilichelewa kumleta mke wangu. Namwogopa mama yangu." Hakuna aliyecheka. Wanaume wawili walisogea wakampisha kwenye benchi lao, mmoja akammiminia chai. Mkewe, nashukuru Mungu, alikuwa anaendelea vizuri pamoja na mtoto.

Usiku huo nililala kwa kaka yake Mama Agnesi. Asubuhi Mama Agnesi mwenyewe alinikalisha kwenye cherehani yake. Tulishona ng'ombe kutoka blanketi kuukuu, pembe za gunzi la mahindi. Nilimuuliza kama midoli yao husema na wakubwa pia. Akacheka. Akaniambia wagombea walipopita kuomba kura, mdoli wa bibi kizee ndiye aliyewauliza habari za maji ya bomba.

"Na walijibu?"

"Wangefanyaje? Ukimfokea mtu, wewe ni mkali. Ukifokea kitambaa mbele ya kata nzima, wewe ni kichekesho. Lakini bibi yetu aliwaamkia kwanza, akawasikiliza mpaka mwisho. Sasa wewe, ukifika, kabla huyu ng'ombe hajasema lolote, nenda kwa mwenyekiti ukaombe radhi. Bila soksi."

Njia ya kurudi sikuiona sana. Nilikuwa nafundisha ng'ombe kutamka shikamoo kwa sauti nene, na abiria wa kiti cha mbele alihama.

Nilikwenda kuomba radhi. Mwenyekiti alinipa kigoda, akanipa maziwa ya mgando, na neno la josho halikumtoka.

Mkutano ulioahirishwa uliitishwa tena baada ya siku chache. Nilipoomba nafasi, watu walianza kukohoa. Nikamtoa ng'ombe.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba!" safu ya mbele iliitika yote, hata yule mzee wangu.

"Mimi ni ng'ombe. Nawashwa. Nilimwambia kupe ahame, akasema nilete kwanza barua ya kijiji. Mambo ya kufuli siyajui. Nani atanisemea?"

Nikatembea mpaka meza kuu, nikamvua ng'ombe, nikamkabidhi mwenyekiti kwa mikono miwili. Kama angekataa, josho lingebaki limefungwa mpaka mvua nyingine, na mtamba wangu asingefika huko.

Alimtazama. Akaingiza mkono. Ng'ombe akakohoa.

"Mimi ng'ombe nina aibu," alisema. "Ufunguo ulinidondoka shambani wakati wa palizi. Nimeutafuta mpaka nimechoka. Nitawaambiaje wazee kwamba niliyepewa kijiji kizima, nimeshindwa kutunza ufunguo?"

Kisha mtu wa nyuma akauliza: "Ng'ombe ana mfuko?"

Mwenyekiti ndiye aliyeanza kucheka. Mzee wa safu ya mbele akamgeukia, akapiga fimbo chini. "Mtoto, umesema. Leteni nyundo."

Saa nane mchana kufuli lilikuwa chini. Dawa ikawekwa, na Jumamosi tukaogesha. Mtamba wangu alitoka upande wa pili akipiga chafya, akanilowesha kuanzia kofia. Sasa anakula, ananenepa, na mwenyekiti huja kumwangalia kama mjomba wake.

Nilichojifunza si kikubwa. Nilidhani mdoli ni wa kumsemea mkubwa yale nisiyothubutu. Kumbe hata mkubwa ana yake asiyothubutu, naye anahitaji mdomo wa kuazima. Nilimweleza hivyo Mama Boay pale joshoni, nikiwa nimelowa, nikidhani nimesema la maana. Akawahesabu ng'ombe wake mpaka wa mwisho, ndipo akanijibu:

"Miezi yote tumemuuliza mtu akatuzungusha, ng'ombe wa blanketi kaulizwa mara moja kajibu. Uchaguzi ujao, Baba Neema, msituletee tena watu."