Mkono wa Shangazi Tekla

Nilikuwa mtoto wa darasa la pili kule Mchombe nilipoanza kuiogopa altare. Aliyenifundisha ni bibi, mama yake baba. Alisema zamani wazee wa Kindamba walipokwenda kutambika walivua viatu, na aliyeingia bila kuitwa hakuuona mpunga mpya. Alipobatizwa akasikia kwamba hata Musa aliamriwa avue viatu, basi akaona mambo ni yale yale. Kanisa letu lilikuwa la matofali mabichi na bati, na ubao mmoja ulitenga altare na sisi. Hakuna mtu wa nyumba yetu aliyeuvuka.

Shangazi Tekla, kitinda mimba wa bibi, ndiye aliyefagia kanisa kila Jumamosi. Alifagia mpaka kwenye ubao, akaishia hapo. Upande wa pili alifagia katekista mwenyewe. Nilizoea kumfuata, na nilimwona akiinama kidogo kabla ya kugeuka, kama mtu anayemuaga mkwe wake.

Mwaka ule masika yalizidi. Mto ulifurika, ukameza mashamba, na asubuhi moja maji yakaingia kanisani. Mabenchi yalielea yakaziba mlango. Katekista alisimama nje ya dirisha, maji yakimfika kiunoni, akikitazama kisanduku cha ekaristi juu ya meza ya altare iliyoanza kuyumba. Sisi tulikuwa kwenye mwinuko wa jirani. Kabla hatujajua, shangazi alikuwa ameshashuka na kupanda dirishani.

Bibi alimwita. "Tekla, pale hapaendewi bila kuitwa."

"Mama, kinaanguka," shangazi alijibu bila kugeuka.

Alikitoa kisanduku, katekista akakipokea. Kisha ukuta ukamlalia shangazi.

Maji yalipopungua, wanaume walimtoa. Wanawake ambao siku zote huosha maiti walikuja, lakini walibaki uani. Walinong'ona kwamba Tekla amepigwa na Mungu, na atakayemshika atajitafutia makubwa. Katekista naye alisimama akaeleza habari za Uza, yule aliyenyoosha mkono kulizuia sanduku la agano ng'ombe walipojikwaa, akafa palepale. Alisema kwa huruma, nakumbuka sauti yake ilivyokatika. Lakini baada ya maneno yale, wanawake walizidi kusogea nyuma.

Bibi aliinuka, akaomba ndoo ya maji. Alimwambia katekista taratibu, "Wewe ulikipokea kwa mikono yako, na uko hai. Nipishe nikamwoshe mwanangu."

Katekista akampisha. Mama yangu alimfuata ndani, na baadaye wengine wawili watatu.

Baada ya mazishi nilimkuta bibi akipepeta mchele, nikamuuliza kama Mungu alimkasirikia shangazi. Akasema hajui. Alichojua ni kwamba yeye alitamka lile onyo na ikawa, na sasa anauogopa mdomo wake kuliko altare. Hakutuonya tena kwa jambo lolote. Tukienda mtoni alitutazama tu, midomo ikimcheza. Misa aliisikiliza akiwa nje, ameketi chini ya dirisha, mpaka alipokufa.

Sasa naishi Ifakara, Viwanja Sitini, na nina watoto wangu. Nimeirudia mara nyingi ile habari ya Uza. Katekista hakutuambia kwamba Daudi alikasirika kwanza, kisha akaogopa, akaliacha sanduku nyumbani kwa mtu mwingine kwa sababu hakujua tena namna ya kulisogelea. Nilipolisoma hilo nilimlilia bibi kwa mara ya kwanza.

Sijui kama ukuta ule ulitumwa au ulilowa tu. Kanisani hukaa benchi la nyuma na kuvua viatu vyangu chini ya gauni, pasipo mtu kuona. Kumwogopa Mungu kwa namna ya katekista kumenishinda, na kumpenda kwa namna ya shangazi bado sijathubutu.